Mjomba, Kalamu Nyekundu na Kioo Kisichotaka Kusahihishwa

Mnisamehe kwa ukimya wa wiki tatu. Sikusafiri wala sikuugua. Nilikuwa nahangaika na kitabu cha mjomba, na kwa kuwa hasira zangu hazijaisha, leo itabidi mnivumilie na historia kidogo.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu. Miaka ya 1970 alifundisha ngumbaro kule Kilosa. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wenye wajukuu wakawa wanakaa kwenye madawati jioni, na taa ya chemli mezani. Kumbukumbu za enzi hizo ameziandika kwa miaka mingi, kwanza kwenye madaftari, halafu binti yake akamchapia kwenye kompyuta. Mwaka huu akaniita.

"Mpwa wangu, si ndiyo kazi yako hiyo? Hebu nipitishie jicho."

Kurasa 312! Nikawaza bei ya kuchapa steshenari, nikawaza na uzito wa kubeba makaratasi yote hayo kwenye daladala, nikakumbuka kwamba ninacho kifaa cha kusomea vitabu, kile cha kioo cha kugusa ambacho rafiki yangu alinipa alipokuwa anahama. Nikaingiza faili la mjomba humo. Asubuhi nikitoka Mbezi kwenda Posta nasoma, nikiona kosa nakandamiza neno kwa kidole, kinafunguka kisanduku, naandika sahihisho. Raha mustarehe. Jumamosi nakwenda kwa mjomba, tunakaa barazani, naongeza ukubwa wa herufi mpaka ukurasa unabaki na mistari saba tu, anasoma kwa sauti ile ya darasani, anasimama: "Hapana, hapa nilikosea, andika..." Nami naandika. Jumamosi tatu tulifanya hivyo. Masahihisho yalipita mia mbili.

Jumatatu iliyofuata binamu yangu akanitumia faili jipya, kwa nia njema kabisa, kwamba amepanga upya sura mbili zilizokuwa zimeingiliana. Jina la faili lilelile. Nikaliweka mahali pa lile la zamani. Nikafungua...

Masahihisho karibu yote yalikuwa yametoweka. Machache yaliyobaki yalikuwa yananing'inia kwenye maneno ambayo hayahusiki. Moja linasema "rekebisha jina la kijiji", na limeshikizwa kwenye neno "sukari".

Kampuni iliyotengeneza kifaa hicho siitaji, na nusu ya kosa ni langu mwenyewe. Lakini swali lilinikaa kooni. Binadamu wamekuwa wanahariri kwenye kompyuta tangu wazazi wetu wako shule. Kwa nini kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya vitabu, na kitabu ni kitu cha kuhaririwa kabla ya kuwa kitabu, kishindwe na kazi ya kalamu nyekundu? Nikaanza kuchimba.

Nilichokuta mwanzoni kilinishangaza, maana hadithi inaanza na wahariri wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye maabara ya kampuni ya Xerox kule Palo Alto, California, palikuwa na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Ilikuwa ya kisasa kuliko zote, ila ilikuwa na mambo yake. Kila herufi iliweza kuwa amri au iweze kuwa maandishi, inategemea uko kwenye hali gani. Kuna mkasa maarufu wa neno "edit". Ukiliandika ukidhani uko kwenye hali ya kuandika, kumbe uko kwenye hali ya amri, herufi E ilimaanisha chagua kila kitu, D ilimaanisha futa, I ilimaanisha ingiza, na T ikaingizwa kama herufi. Yaani kazi yako yote inayeyuka, inabaki T moja imesimama katikati ya kioo kama mlingoti.

Sasa Xerox ilikuwa inamiliki kampuni ya vitabu vya shule iliyoitwa Ginn, na wahariri wa Ginn walihitaji kitu kisichowalia kazi namna hiyo. Larry Tesler na Tim Mott wakawatengenezea programu ya Gypsy, ikakamilika karibu na mwaka 1975. Humo ndimo kukata, kunakili na kubandika kulikochukua sura tunayoijua leo. Majina hayo yalitoka mezani kwa mhariri, kwenye mkasi na gundi, kwa sababu wahariri wa wakati huo walikuwa wanakata aya kwa mkasi kweli na kuibandika ukurasa mwingine. Tesler alifariki Februari 2020. Siku ile nilikuwa nakata na kubandika stori ya mtu mwingine bila kujua kuwa natumia urithi wake.

Kwa hiyo uhariri wa kioo ulizaliwa na panya mkononi. Swali likawa utafanyaje bila panya, kwa kalamu au kidole.

Hapo nako walioanza walikuwa wanafikiri kama wahariri. Mwaka 1987 Jerry Kaplan na wenzake walianzisha kampuni ya GO huko Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakatoa mfumo ulioitwa PenPoint, wa kompyuta bapa inayoandikwa kwa kalamu. Ukitaka kufuta neno unalipiga alama ya X. Ukitaka kuingiza neno unachora kile kipembe, kile kile ambacho mhariri msanifu wa gazeti anakichora kwenye prufu. Neno linafutika lenyewe, mstari unajisogeza. Mwaka 1993 Apple nao wakaleta Newton, ambayo ukichora zigizaga juu ya neno linapotea. Shida ya Newton ilikuwa kusoma mwandiko, hadi wachora katuni wa Marekani wakaifanyia mzaha. GO ilikufa mwaka 1994, Newton ikazikwa mwaka 1998.

Nawaomba mtulie hapo kidogo. Zaidi ya miaka 30 iliyopita kulikuwa na kioo kilichoelewa alama za kalamu nyekundu, na hicho changu hakielewi hata moja. Nini kilitokea katikati?

Vilitokea vitu viwili, wino na duka.

Wino kwanza. Mwaka 1997 watu waliotoka maabara ya chuo cha MIT, akiwamo Joseph Jacobson, walianzisha kampuni ya E Ink. Kioo chao hakina taa kama cha simu. Kina vifuko vidogo sana, upana kama wa unywele, na ndani ya kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita upande mmoja nyeupe zinapanda juu, ukigeuzwa zinapanda nyeusi. Zikishapanda zinakaa hapo hapo hata ukizima umeme, ndiyo maana betri inadumu wiki kadhaa na macho hayaumi. Kwa kusoma ni kitu cha ajabu kabisa. Lakini chembe zinaogelea, na kuogelea kunachukua muda. Vioo vya mwanzo vilihitaji karibu sekunde nzima kubadilisha ukurasa, vikimulika nyeusi kwanza. Ukigeuza ukurasa, sekunde moja si kitu. Ukiandika herufi kwa herufi, sekunde moja ni adhabu. Wahandisi wakatafuta njia ya mkato, wakabadilisha sehemu ndogo tu ya kioo bila kumulika ukurasa wote. Ikasaidia, ila sasa herufi uliyoifuta inaacha kivuli chake, hafifu, kama kosa lililofutwa kwa ufutio mbovu wa shule ya msingi.

Duka sasa. Mwaka 2004 Sony walitoa Japani kifaa cha kwanza cha kuuzwa chenye kioo hicho, kinaitwa Librié. Kilikuwa na kibodi ndogo chini yake. Na vitabu vyake vilikuwa vinakwisha muda baada ya siku 60! Unanunua kitabu, siku ya sitini na moja hakifunguki. Mkisikia mimi nasema vifaa hivi vilizaliwa na hofu ya msomaji kugusa kitabu, ndicho ninachomaanisha. Waliokuwa wanavitengeneza walishatazama upande wa muziki, wakaona kilichowapata wauza santuri, wakaapa kitabu hakitatoka mikononi mwao.

Lakini haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 2006 kampuni ya Uholanzi, iRex, iliyochipuka kutoka Philips, ilitoa iLiad. Ilikuwa na kalamu ya Wacom, na unaandika juu ya ukurasa wenyewe kwa mkono wako. Bei ilikuwa zaidi ya euro 600. Na hata iLiad, ukichungulia ndani, mwandiko wako ilikuwa inauhifadhi pembeni, mbali na kitabu, halafu kompyuta ndiyo inakuja kuviunganisha. iRex ilifilisika mwaka 2010.

Aliyeshinda ni muuza vitabu. Novemba 2007 Amazon walitoa Kindle ya kwanza kwa dola 399, ikaisha dukani ndani ya saa tano na nusu. Haikuwa na kioo cha kugusa. Ilikuwa na kibodi ya vitufe vidogo vilivyolala mshazari, na unaweza kuandika dondoo zako. Zilikuwa zinaingia pia kwenye faili moja la maandishi ya kawaida, na Kindle zilizofuata ziliendelea na utaratibu huo. Faili hilo lina tabia ambayo mimi mwandishi wa habari naipenda sana: halisahau. Ukibadilisha dondoo, linaongeza ile mpya chini na kuiacha ya zamani. Ukifuta, halifuti. Changu si Kindle, kwa hiyo hilo halikuniokoa.

Miezi michache kabla ya Kindle, Juni 2007, iPhone ilikuwa imetoka. Tunakumbuka wote ilivyopokelewa. Wengi tumesahau kwamba ilikaa miaka miwili bila kunakili na kubandika, hadi Juni 2009. Na si kwamba walisahau. Ncha ya kidole ina upana wa sentimita moja hivi, herufi ina milimita mbili, na kidole hicho hicho kinakuzuia kuona unachokishika. Panya haina shida hiyo. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa ile lenzi ya kukuza inayotokea juu ya kidole, ili uone kile kimstari kinachopepesa kimesimama katikati ya herufi zipi.

Vifaa vya wino vikafuata vikichechemea. Sony walitoa cha kugusa mwaka 2008, PRS-700, wakaweka tabaka la kuhisi mguso juu ya kioo. Wasomaji wakalalamika: kinang'aa, maandishi yamefifia. Yaani ili uweze kuandika unaharibu kusoma! Mwaka uliofuata wakatoa kingine chenye kalamu ya plastiki. Suluhisho lilikuja mwaka 2010, na ni la werevu mno. Badala ya kuweka tabaka, walipanga miale ya mwanga usioonekana kwenye fremu, inapita juu ya kioo mlalo na wima. Kidole kikiikata, kifaa kinajua kiko wapi. Teknolojia hiyo ilitoka kampuni ya Uswidi, Neonode. Mwaka 2011 Kobo na Nook wakaitumia, na Kindle ya kwanza ya kugusa nayo ikaja na miale ya namna hiyo mwaka huo huo. Ubaya wake ni kwamba miale haichagui. Hata shati la mkono mrefu linahariri. Nzi naye anahariri.

Katikati ya haya lilitokea jambo ambalo kila anayeandika pembeni ya kitabu anapaswa kulijua. Julai 2009 Amazon waligundua kuwa nakala fulani za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, ziliuzwa na mtu asiye na haki za kuziuza Marekani. Wakaingia kwenye Kindle za watu kwa mbali, wakazifuta, wakarudisha pesa. Kwamba kati ya vitabu vyote duniani iwe 1984, hata mtunzi wa komedi angeona aibu. Lakini mimi kilichonishika ni kijana mmoja wa sekondari huko Michigan. Alikuwa anasoma 1984 kwa kazi ya likizo na ameandika dondoo nyingi. Dondoo zake hazikufutwa. Zilibaki, ila kitabu zilichokuwa zinakielekeza hakipo. Sasa zina maana gani? Aliwashtaki, na kabla mwaka haujaisha Amazon wakakubali kumaliza kesi kwa dola 150,000 za mawakili, sehemu yake ikaenda kwenye hisani. Bosi wao, Jeff Bezos, alikuwa ameshaomba radhi hadharani na kukiri kuwa kitendo kilikuwa cha kijinga.

Niliposoma habari ya yule kijana ndipo nikaelewa yaliyonipata barazani kwa mjomba. Kwenye vifaa hivi, unachoandika hakiingii kwenye kitabu hata siku moja. Kinakaa kwenye faili lake pembeni, na humo kimeandikwa kitu kama anwani: dondoo hii ni ya mahali namba fulani. Kitabu chenyewe hakiguswi. Kosa la mjomba lilikuwa limebaki pale pale, nami nilikuwa nimebandika kikaratasi juu yake nikidhani nimelisahihisha. Binamu alipohamisha sura mbili, nyumba zote mtaani zikabadilisha namba, na barua zangu zikaenda kwa majirani.

Sisi wa Kiswahili tuna la kwetu la ziada, na sijaona likizungumzwa. Vifaa hivi vinachagua kwa neno. Unakandamiza, neno zima linashikwa. Kwa Kiingereza sawa, neno ni dogo. Lakini "hawakutuambia" kwa Kiingereza ni sentensi nzima, nami kosa langu ni herufi moja tumboni mwake. Kamusi nayo vivyo hivyo: gusa "walipomkuta" uone, itakwambia neno halipo, kwa sababu inatafuta kuanzia W badala ya kutafuta "kuta". Na kibodi ya kifaa changu, ambayo haijui lugha yoyote ya hapa, ilinigeuzia "mimi" kuwa "mini" mara nyingi kiasi kwamba mjomba akauliza kwa nini kila akisema jambo lake mimi nacheka.

Siku moja alitaka kujaribu mwenyewe. Nikampa. Alikikandamiza kioo kwa ukucha wa dole gumba, kwa nguvu, kama anayebana pini ubaoni. Hakikujibu. Akaniambia wanafunzi wake wa ngumbaro walikuwa wanashika penseli hivyo hivyo mwezi wa kwanza, hadi karatasi inatoboka. Jembe limewazoesha kwamba kitu hakifanyi kazi bila nguvu.

Najua mtasema nimebaki nyuma, sasa hivi kuna vifaa vya kalamu. Ni kweli. ReMarkable ya Norway ilitoka mwaka 2017, na wino wake unaifuata kalamu karibu kama karatasi. Kobo Elipsa ikaja mwaka 2021, Kindle Scribe mwaka 2022. Lakini hiyo Scribe ilipotoka, vitabu vingi vya duka lao huwezi kuandika juu ya mstari wenyewe, unafunguliwa kikaratasi cha pembeni. Sababu yake inaeleweka: ukiongeza ukubwa wa herufi, maneno yote yanahama, wino wako uende wapi? Ilipofika mwishoni mwa 2024 ndipo wakaleta njia ya kuandika katikati ya maandishi na ukurasa ukajipanga upya kuzunguka mwandiko wako. Upande wa Apple, kufuta neno kwa kulichorachora kwa kalamu kulirudi kwenye iPad mwaka 2020, miaka 27 baada ya Newton. Na bado kwenye vifaa vya kusomea, ukimpigia mtu mstari neno lake, neno linabaki. Umechora tu.

Basi nikaenda steshenari. Nililipa, sitaki kusema ngapi. Jumamosi iliyopita nikafika kwa mjomba na boksi la karatasi na kalamu mbili nyekundu. Akaitazama ile rimu, akanitazama mimi.

"Kumbe dawa ilikuwa hii?"

Tumeshafika ukurasa wa 88. Ndipo lilipokuwa lile sahihisho la jina la kijiji, lililokwenda kukaa kwenye sukari. Ni habari ya mama mmoja mtu mzima aliyejifunza kuandika jina lake, akaliandika kwa mkaa kwenye mlango wa nyumba yake ili mumewe akirudi alikute. Nakumbuka mjomba alivyokuwa na uhakika siku ile ya kwanza aliponitajia kijiji, na nakumbuka kidole changu kikiliandika. Jina lenyewe silikumbuka. Nilimuuliza wiki mbili zilizopita akasema Kimamba. Nilimuuliza Jumamosi akasema Rudewa, akanyamaza, akasema hapana. Umri umekwenda, kumbukumbu inakuja na kuondoka.

Alikaa na kalamu muda mrefu. Mwishowe akaandika pembeni, kwa mwandiko ule wa kiualimu uliolala kulia, Kimamba, akaweka alama ya kuuliza, akafunua ukurasa wa 89.